Makapi Meupe

Saumu alitafuna pingili ya muwa mpaka utamu ukaisha, halafu akaogopa kutema. Kesho yake alikuwa anaolewa, na wiki chache nyuma kila alichotafuna kilitoka na damu. Mwanzoni aliacha kabisa kupiga mswaki, akidhani ufizi unaovuja hauguswi. Shangazi yake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyemburuta kwa daktari wa meno, na daktari akasema kinyume: huo ndio wa kusafishwa, asubuhi na usiku, taratibu, na uzi upite katikati ya meno.

"Tema basi," shangazi alisema. "Au unangoja mume aje akutemee?"

"Je, ikiwa bado?"

"Kesho ukicheka umeziba mdomo, wakweo watasema tumekuoza kwa nguvu. Tema."

Saumu akatema kiganjani. Makapi yalikuwa meupe pe.

Shangazi aliyachungulia, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani mbio, wakiuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Saumu, akicheka mdomo wazi, akawanyooshea kiganja.