Koti la Shemeji

Siku hizo mgeni hakuingia mbugani kabla tembo wa langoni hajamnusa, na jangili akitambuliwa aliachiwa tembo wenyewe.

Meijo alikuwa amejisugua kwa sabuni hadi ngozi ikamwasha. Nolari, dereva wa watalii na mjane wa kaka yake, akamnyooshea koti.

"Kuna baridi, shemeji. Ulilisahau kwangu."

Alilisahau jioni ile mume wa Nolari, askari wa mbuga, alipouawa na majangili. Miaka yote Nolari hakulifua.

Meijo akalivaa, akashukuru, akashuka garini kunuswa. Mkonga ulipita usoni, ukateremka begani, ukaganda.

"Shemeji, nifungulie mlango."

Nolari alikamata darubini, akawageukia watalii garini.

"Tazameni korongo wale, kule mbele. Msigeuke nyuma."