Daraja la Awamu ya Pili

Swabaha alishika kalamu, akausoma tena mstari wa mwisho wa ratiba ya mradi wa barabara: daraja jipya la waenda kwa miguu lingejengwa awamu ya pili. Awamu ya pili haikuwa na mfadhili. Daraja la zamani lilikuwa limeshabomolewa, na watu walikuwa wakivuka katikati ya malori ya bandarini.

"Tia sahihi, mhandisi," mkurugenzi alimhimiza. "Tusipoanza mwezi huu, pesa zote zitarudi kwa wenyewe."

Jasho la kiganja lilikuwa limelowesha karatasi. Alitia sahihi, wino ukatapakaa.

Alipotoka nje alimpigia simu mamake.

"Mama, mwambie baba leo asali nyumbani. Asivuke ile barabara kwenda msikitini."

"Ameshatoka, mwanangu," mamake alijibu. "Adhana ilimkuta mlangoni."