Hema Lisilo na Udongo

Vigingi havikuwa na udongo.

Mwenye duka alivigeuzageuza kimoja kimoja. Wiki ya tatu hiyo fundi vigae anakodi lile hema la baridi kali, lenye bitana inayong'aa kama kioo, na kila Jumamosi analirudisha bila jani, bila tope, bila hata sisimizi. Mtu gani anapiga kambi wiki nzima asirudi na mchanga?

"Safari hii umelipiga wapi?" aliuliza, sauti kailainisha.

"Huko huko." Fundi aliviinamia viatu vyake vyenye vumbi la saruji. "Naongeza wiki moja, dada. Ila niambie, hii bitana inarudisha joto hata la mtu mwenye joto kidogo?"

"Linamrudia lile lile alilonalo. Hema si jiko."

Hema lilinuka dawa ya kuchua. Kwenye zipu palinasa unywele mrefu, mweupe pe. Nywele za fundi zilikuwa fupi na nyeusi ti.

"Unalala na nani humu?"

Fundi alimkodolea macho kupita adabu. "Samahani, dada. Uso wako kama naufahamu." Akabeba hema, akatoka mbio mbio.

"Huyo kamficha mtu," alisema shoga yake, muuza viatu wa mlango wa pili. "Fundi vigae wa kulala hemani! Na nyumba zote mpya za mji huu funguo anazo yeye? Mwanamume mpole vile, shoga, shika mkoba wako."

Mwenye duka akafunga duka mchana kweupe, akamfuata nyuma nyuma mpaka kwenye ghorofa lisilokwisha kujengwa, halina madirisha, upepo unapita utakavyo. Akajibanza chini kwa muda, kisha akapanda ngazi zisizo na vyuma vya kushikia, viatu mkononi.

Ghorofa ya tatu, hema lilikuwa limeshasimama juu ya sakafu tupu, kamba zimefungwa kwenye matofali. Ndani, fundi alikuwa akinong'ona.

"Fungua mdomo. Hivyo hivyo. Tena."

Mtu akakohoa.

"Taratibu! Msimamizi yuko chini. Akitusikia tumekwisha."

Mwenye duka akaandika namba ya polisi kwenye simu, kidole akakiweka tayari, na kwa mkono wa pili akaivuta zipu mpaka mwisho.

Fundi alibaki kashika kijiko cha supu. Mbele yake, kajifunika makoti mawili ya kazi, alikaa mama mzazi wa mwenye duka. Mwaka wa pili huo hajamtia machoni, na kila akipiga simu, kaka yake anayekaa na mama humwapia kwamba mama analala chumba chenye jua.

"Nilimkuta analala humu humu, kwenye saruji tupu," fundi alisema.

Bibi kizee alimtazama bintiye juu mpaka chini. Kisha akamgeukia fundi.

"Funga zipu, mwanangu," akamwambia. "Mgeni anatuingizia baridi."