Chukua Tu, Ndugu Yangu

Enzi zile wanyama walipokuwa wakikopeshana kwa mdomo tu, Kindi mjane alimkopesha Fuko pishi mbili za mbegu za mtama. Shahidi alikuwa Kasuku peke yake.

Mvua ikanyesha, Fuko akapanda, akavuna, wala hakurudisha hata punje. Watoto wa Kindi wakashinda na njaa, ndipo mama yao akamshtaki kwa Nyati, mwamuzi wa wanyama. Hakuwa na wasiwasi, maana Kasuku hasahau neno wala hapunguzi.

"Sema ulichosikia," Nyati akaamuru.

Kasuku akaiga sauti ya Fuko: "Dada, nisaidie mbegu, nitakurudishia nikivuna." Kisha akaiga ya Kindi: "Chukua tu, ndugu yangu. Kwani mimi na wewe ni watu wa kudaiana?"

"Ni maneno yako?" Nyati akamuuliza Kindi.

"Ni yangu, mzee, lakini ile ilikuwa adabu tu."

"Umesema mwenyewe hamdaiani. Nendeni."

Huko nje Fuko akamshika Kindi mkono kwa huruma. "Dada, watoto wakizidiwa, njoo nikukopeshe mtama."

 "Ahsante, ndugu yangu," Kindi akajibu, kwa adabu ileile.