Kibibi Ndani ya Kioo

Bibi Damari aliyatoa mapambo yake ya Krismasi kwenye trei ya mayai, moja moja. Yalikuwa ya kioo cha zamani, chembamba kama ganda la yai, aliyoyakusanya tangu ujana wake. Alikuwa amemwita jirani yake, Mama Anjela, amsaidie kuyatundika kwenye tawi la mvinje, ingawa hasa alitaka mtu wa kukaa naye.

“Bibi, si ununue ya plastiki? Haya yakidondoka, basi tena!”

“Ya plastiki hayaonyeshi sura, mwanangu. Kitendawili!”

“Bibi nawe! Wali wangu unaungua.” Akacheka, akakimbilia kwake.

Bibi alibaki na pambo jekundu mkononi. Ndani yake aliona kibibi kidogo kimekaa peke yake, kinamtazama.

“Tega,” akajiitikia, midomo karibu na kioo.

Pumzi yake ikakitia ukungu, na kibibi kikapotea.