Shikamoo ya Ukutani

Sheria inamtaka kila mtoto amwamkie mzazi wake asubuhi, na siku hizi mashine inaruhusiwa kumwamkia kwa niaba yake. Fakhi aliiandikia mashine ya ukutani kwa mama yake amri moja: rudia shikamoo mpaka ajibu.

Basi sauti ya Fakhi ilishinda ukutani, "Shikamoo mama, shikamoo mama," na mama yake, Bi Saumu, anachambua mchele, kimya.

"Shoga, mbona humjibu mwanao?" jirani yake akamuuliza.

"Nikimjibu atanyamaza mpaka kesho."

Majirani walipolalamikia kelele, Fakhi hakuja wala hakupiga simu. Alibadilisha amri hukohuko aliko: rudia mara tatu, kisha nyamaza.

Asubuhi ukuta ulimwamkia mara tatu, ukanyamaza. Bi Saumu akaweka ungo chini.

"Marahaba, mwanangu," akauambia ukuta. Akangoja. "Marahaba, mwanangu."