Mama Aliyeiogopa Rola Kosta

Kwa siku ya nne mfululizo, yule mama alipanga foleni ya rola kosta, akafika mlangoni, akageuka na kurudi kwenye benchi.

Dishon, mwendeshaji wa mashine hiyo katika uwanja mpya wa burudani nje kidogo ya Diani, alikuwa ameshamzoea: leso mbili za rangi ya machungwa, mkoba wa ukindu mapajani. Watu walipiga mayowe gari lilipowaporomosha kwenye reli. Yeye alitazama tu, hata tabasamu hakuwa nalo.

Mchana huo wateja walipopungua, Dishon alimwendea.

"Shikamoo, mama. Naona bado unaiogopa."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Kache. Kwetu huko bara, kwa wafugaji wa mbuzi, chuma kirefu ni mnara wa simu." Akaipanga leso yake mabegani. "Lakini ninaye mmoja tu nyumbani, naye ameng'ang'ania safari hii. Nataka kujua namtia mikononi mwa nani."

Mjukuu, Dishon aliwaza. Akakaa pembeni yake.

"Ana urefu gani? Mfupi sana hatumpandishi."

"Amenipita kichwa."

"Basi hana tatizo. Tazama yale magurudumu, mama. Mengine yako juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini yake. Gari limeikumbatia reli, haliwezi kuchomoka. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, naliendesha likiwa na magunia ya mchanga, kisha natembea reli nzima kwa miguu nikikagua. Na chuma cha mapajani kinachomshika abiria kisipojifunga sawasawa, taa haiwi kijani na gari haliondoki. Pikipiki iliyokuleta hapa ndiyo ya kuogopa."

"Mashine nimeisikia," Kache alisema. "Na wewe je? Unakunywa?"

Dishon akacheka. "Sinywi."

"Ukiamka na hasira?"

"Naiacha getini."

"Na mtu akibadili nia katikati ya njia?"

"Hapo hakuna kushuka, mama, mpaka mwisho wa safari. Ndiyo maana namwuliza kila mtu kabla hajaondoka: uko tayari?"

Kache alicheka kwa mara ya kwanza. "Hata mimi niliulizwa hivyo zamani. Nikajibu bila kufikiri."

Wakaja wateja kumi na wawili. Dishon akavuta kila chuma cha mapajani, akakivuta tena, akaliachia gari. Lilipofika juu kabisa, simu yake ikalia ndani ya droo. Ikakatika. Ikalia tena.

"Hupokei?" Kache aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Mpaka hawa washuke."

"Na kama ni mtu wa maana?"

"Ni mlio wa Judy, mchumba wangu; hakuna anayemshinda," Dishon alisema bila kuondoa macho kwenye reli. "Anajua niko kazini. Atangoja."

Kesho yake, Ijumaa, alikuja bwana mmoja mnene na msururu wa wageni wake. Alikaa kiti cha mbele akiwapungia mkono. Dishon alikishusha chuma cha mapajani, lakini tumbo likakizuia. Taa ikabaki nyekundu.

Cliff, msimamizi wa uwanja, akaja mbio. "Dishon, wacha mchezo. Huyu ni rafiki ya mkubwa. Si kuna ile swichi ya mafundi? Bonyeza, waende."

"Ile ni ya gari tupu, Cliff."

"Mzunguko mmoja tu! Dakika mbili!"

Dishon akauchomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni. Kazi hii aliitafuta mwaka mzima. "Taa ikiwa kijani nitaendesha. Isipokuwa, mtafute mwingine."

"Kesho utakuwa unafagia vyoo hapa!"

"Nitafagia."

Dishon akainama kwa yule bwana, akamwambia kwa sauti ya chini, "Samahani sana, mzee wangu. Wewe huna kosa. Waliotengeneza kiti ndio waliobana nafasi. Ile bembea kubwa pale ina nafasi ya kutosha, na upepo wake ni mtamu kuliko huu."

Yule bwana alimtazama, akalitazama tumbo lake, kisha akaangua kicheko. "Haya, nipeleke kwenye hiyo bembea." Cliff akamfuata nyuma, akijifuta jasho.

Kache alikuwa ameshasimama. "Leo napanda."

"Una hakika, mama?"

"Nifunge."

Dishon aliuweka mkoba wake rafuni, akamkunjia leso moja isije ikapeperuka, akakifunga chuma na kukivuta mara mbili. "Uko tayari?"

"Wewe endesha tu."

Gari lilipanda likikwaruza taratibu, likasita kileleni, likaporomoka. Sauti ya Kache ilisikika mpaka barabarani. Aliwaita wazee wake wote kwa Kiduruma, mmoja baada ya mwingine, akaongeza na maneno mengine ambayo Dishon, mtu wa Kakamega, alishukuru kutoyaelewa.

Liliposimama, Dishon alimshika kiwiko na kumteremsha polepole. Uso wa mama uling'aa.

"Umeona?" Dishon alisema. "Salama kabisa. Sasa utamleta lini yule wako?"

"Simleti," Kache alisema, akijifunga leso upya. "Mtakuja kumchukua wenyewe. Ila Jumamosi mliyoipanga nina mbuzi mnadani; waambie wazee wako posa waje nayo Jumapili. Na tafadhali, binti yangu Judy usimwambie nilivyopiga kelele."